Richardson: Aliyepiga hesabu za upepo kwa mkono, leo zinachora moshi wa filamu

Moshi unaouona kwenye filamu mara nyingi haujatoka kwenye moto wowote. Ni hesabu tu. Programu inaigawa hewa katika visanduku vidogo, inaandika kasi ya upepo na mgandamizo wa kila kimoja, kisha inasogeza saa mbele kidogo kidogo.

Lewis Fry Richardson alifanya hivyo kwa kalamu na karatasi, tena akiwa vitani.

Alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1881, kwenye familia ya Quaker, dhehebu linalopinga vita (ndio hao Marafiki wenye wafuasi wengi magharibi mwa Kenya). Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto hakushika bunduki. Mwaka 1916 alikwenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa.

Akipata nafasi, alikaa kwenye nyasi kavu akikokotoa hali ya hewa ya Mei 20, 1910, kwa saa 6 tu. Mwaka 1917 mswada wake ulipotea kwenye mapigano. Miezi kadhaa baadaye ukakutwa Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe!

Na majibu? Hesabu zilisema mgandamizo ungepanda kwa milibari 145. Siku yenyewe haukubadilika karibu chochote. Mwingine angelificha kosa kama hilo. Yeye alilichapa kwenye kitabu chake cha mwaka 1922, watu wajionee.

Tatizo lilikuwa takwimu za upepo alizoanza nazo. Kwenye visanduku vyake hewa iliyoingia haikulingana na iliyotoka, basi ikarundikana kwenye karatasi. Programu za moshi, kama ya Jos Stam ya mwaka 1999, zinaziba tundu hilo hilo: kila hatua mgandamizo unasahihisha upepo mpaka kinachoingia kilingane na kinachotoka. Hapo ndipo moshi unajikunja vizuri, na fundi akiongeza upepo wake anaupeleka anakotaka.

Richardson naye aliutaka moshi wenyewe. Mwaka 1926 alichapisha utafiti kuhusu namna vitu vinavyosambaa hewani. Lakini kumbe kuna wengine waliokuwa wakiifuatilia kazi hiyo: wataalamu wa gesi ya sumu ya kivita. Tayari mwaka 1920 alishaacha kazi idara ya hali ya hewa ilipowekwa chini ya wizara ya anga, yenye jeshi ndani yake. Safari hii aliachana na utafiti huo, akaharibu na kazi ambazo hakuwa amezichapisha. Akageukia hesabu za nyingine kabisa: kwa nini mataifa yanapigana.

Alifariki Kilmun, Scotland, mwaka 1953. Miaka 3 kabla, kundi la Marekani lilitabiri hali ya hewa kwa kompyuta ya ENIAC. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kukokotoa. Walimtumia majibu, naye akawapongeza.