Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) na Njia ya Mlima Thaur

Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye jina lake hutajwa katika kila kisa cha Hijra, kisha husahauliwa mara tu Mtume (S.A.W.) anapoingia Madina, ilhali maisha yake yaliendelea kwa miaka sabini mingine, na mtihani wake mkubwa kuliko yote ulikuwa bado haujafika.

Hujaji aliyewahi kuupanda mlima Thaur ataelewa upesi kwa nini tunaanzia hapo. Mlima huo uko kusini mwa Makkah, mwendo wa kilomita nne hivi kutoka Msikiti Mtakatifu. Leo mji umeufikia hadi miguuni mwake, kwani Makkah sasa ina wakazi zaidi ya milioni mbili, na barabara na majumba yameyajaza mabonde yaliyokuwa matupu. Lakini mlima wenyewe haujabadilika. Kilele chake kinafikia takriban mita 750 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 400 juu ya mitaa inayouzunguka. Hauna mti wa kumpa mtu kivuli wala chemchemi ya kumpoza koo. Ni majabali juu ya majabali, na njia inayojipinda katikati yake. Kijana mwenye afya huchukua saa moja na nusu hivi kufika pangoni, na wengi hupumzika mara kadhaa njiani. Kuupanda si katika nguzo za Hija wala si katika wajibu wake, na masheikh hawaachi kuwakumbusha mahujaji jambo hilo, hasa wazee. Hata hivyo watu huupanda, wengine usiku ili kulikwepa jua.

Bibi Asmaa aliijua njia hiyo kabla haijawa ya wazuru. Alizaliwa Makkah miaka 27 hivi kabla ya Hijra. Baba yake ni Sayyidna Abubakar As-Swiddiq (R.A.), na mama yake ni Qutayla binti Abdul-Uzza, aliyeachwa na Abubakar kabla ya Uislamu. Bibi Aisha (R.A.) ni mdogo wake kwa baba. Alisilimu mapema sana, na wanahistoria wa Sira wanamweka katika ishirini wa mwanzo. Aliolewa na Zubair bin Al-Awwam (R.A.), mtoto wa shangazi yake Mtume (S.A.W.).

Ilipofika Septemba ya mwaka 622, Maquraishi walikwisha kukata shauri la kumuua Mtume. Usiku ule Mtume na Abubakar walitoka, lakini hawakuelekea kaskazini iliko Madina. Walikwenda kusini, upande wa njia ya Yemen, wakajificha katika pango la Thaur kwa siku tatu. Waliowatafuta walitangaziwa zawadi ya ngamia mia moja. Mpango huo uliwategemea watu wachache mno, kila mmoja na kazi yake. Abdullah, kaka yake Asmaa, alishinda mjini akisikiliza mazungumzo ya Maquraishi, akapanda usiku kupeleka habari, na kabla ya alfajiri akarudi. Amir bin Fuhaira, huria wa Abubakar, alilisha mbuzi na kondoo katika miteremko hiyo, akawapa maziwa, kisha akayapitisha makundi yake juu ya nyayo za Abdullah ili zifutike. Naye Asmaa alishughulikia chakula, na kwa riwaya ya Ibn Is-haq alikuwa akikipeleka mwenyewe jioni.

Hebu tutazame maana ya kazi hiyo. Mwezi wa Septemba joto la mchana Makkah hupita nyuzi 40, na mawe huendelea kutoa moto hata jua likishakuchwa. Mwanamke mmoja anatoka katika nyumba inayopelelezwa, amebeba chakula kwa siri, anashika njia ya mlima ambako hana udhuru wa kupita. Akionekana anapanda, pango limejulikana, na akionekana anashuka ni vivyo hivyo. Hakuwa na silaha, wala mlinzi.

Hapa inafaa tusahihishe jambo moja. Wahubiri wetu wengi hupenda kusema kwamba siku hizo alikuwa na mimba kubwa ya mwanawe Abdullah. Lakini ukiifuata riwaya kwamba Abdullah alizaliwa mwezi wa Shawwal mwaka wa kwanza Hijria, basi wakati wa pango mimba ilikuwa ya miezi miwili hivi, na kwa wale wanaosema alizaliwa mwaka wa pili, ilikuwa bado haijaingia. Mimba changa nayo ina uzito wake, kama mama yeyote ajuavyo, hasa kwa mpanda mlima. Hakuna haja ya kuongeza chumvi katika kisa ambacho chenyewe kinatosha.

Siku ya tatu mwongozaji wao, Abdullah bin Uraiqit, ambaye hakuwa Mwislamu bali mtu wa kuaminika katika kazi yake, alikuja na ngamia. Asmaa alileta masurufu ya safari, akagundua hapana kamba ya kuyafungia. Akaufungua mshipi wake, akaupasua vipande viwili, kimoja akafungia chakula na kingine akajifunga. Riwaya nyingine inasema jambo hilo lilitokea nyumbani wakati wa kutayarisha chakula. Iwe mlimani au nyumbani, jina la Dhaatun-Nitaqain, yaani mwenye mishipi miwili, lilibaki naye mpaka mwisho.

Wasafiri walipokwisha kuondoka ndipo adha ilipogeukia kwake. Abu Jahl na wenziwe walibisha hodi wakitaka kujua alipo baba yake. Alipojibu kuwa hajui, Abu Jahl alimpiga kofi la shavuni hata kipuli kikaruka sikioni. Kisha akaja babu yake Abu Quhafa, mzee kipofu ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, akihofu kuwa Abubakar ameiacha familia yake bila kitu. Na kweli Abubakar alikuwa amechukua mali yake yote, dirhamu elfu tano au sita. Asmaa akakusanya vijiwe, akavitia katika shimo la ukutani palipowekwa fedha, akavifunika kwa nguo, kisha akaushika mkono wa babu yake akauweka juu yake. Mzee akatulia. Tunaona hapo binti aliyekuwa na fikra za haraka, mwenye huruma kwa mzee ambaye hakuwa pamoja nao katika imani.

Baadaye aliifuata familia Madina, akajifungua Abdullah kijijini Quba. Kulikuwa na uvumi kwamba Waislamu waliohama wamerogwa wasizae tena, na mtoto huyo wa kwanza wa Muhajirina alipozaliwa watu walipiga takbira kwa furaha. Takbira hiyo, msomaji, uikumbuke. Tutarudi kwayo.

Maisha ya Madina hayakuwa ya raha. Zubair hakuwa na mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Asmaa alimlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Kuoka mikate hakukujua vizuri, na majirani zake wa Kiansari wakamsaidia. Kokwa za tende za kulishia mnyama alizibeba kichwani kutoka shamba lililokuwa umbali wa theluthi mbili za farsakh, zaidi ya kilomita tatu. Siku moja Mtume (S.A.W.) alimkuta njiani na mzigo huo, akamkalisha ngamia ili ampandishe. Asmaa akaona haya, akiufikiria wivu wa mumewe. Alipomsimulia Zubair, yeye alisema kwamba kumwona mkewe amebeba kokwa ndilo lililomuuma zaidi. Mwishowe Abubakar alimpelekea mtumishi wa kumwangalia farasi, na Asmaa alijiona kama mtu aliyeachwa huru.

Mama yake Qutayla, akiwa bado mshirikina, alimjia wakati wa mkataba wa Hudaibiya. Asmaa alimuuliza Mtume kama afaa kumtendea wema, akaruhusiwa.

Miaka ikapita. Aliachana na Zubair, naye Zubair akauawa mwaka 36 Hijria baada ya vita vya Ngamia. Bibi Asmaa akaishi na mwanawe Abdullah, ambaye mwaka 64 Hijria alitambuliwa kuwa khalifa kutoka Makkah, akipingana na Bani Umayya wa Sham. Mwishoni mwa mwaka 72 jeshi la Hajjaj bin Yusuf liliizingira Makkah. Manjaniki ziliwekwa juu ya mlima Abu Qubais, ulio mkabala na Kaaba, mawe yakarushwa mjini. Asmaa, aliyewahi kuwahifadhi watu wawili kwa msaada wa mlima wa Makkah, sasa alikuwa bibi wa karibu miaka mia moja, macho yamepofuka, akisikia mawe yakianguka kutoka mlima mwingine wa mji ule ule.

Mazingira hayo yalidumu zaidi ya miezi sita. Njaa iliingia, na wafuasi wa Abdullah wakamkimbia kwa maelfu, hata wanawe wawili wakaenda kutaka amani kwa Hajjaj. Ndipo alipoingia kwa mama yake kumtaka shauri. Hajjaj alikwisha kumwahidi usalama na mali akisalimu amri. Asmaa alimwambia kwamba yeye ndiye aijuaye nafsi yake: ikiwa alipigania haki, basi aendelee nayo kama walivyoendelea wenzake waliokwisha kufa, na ikiwa alitaka dunia, basi amejiangamiza na kuwaangamiza wengine. Abdullah akasema anachohofia ni kukatwakatwa baada ya kufa. Mama akamjibu kuwa mbuzi aliyekwisha kuchinjwa haumizwi na kuchunwa. Alipomkumbatia kwa kumuaga alipapasa kifuani akagusa deraya, akamtaka aivue, maana haikumfaa mtu aliyenuia kufa. Akaivua, akatoka. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini.

Aliuawa mwaka 73 Hijria, sawa na 692. Askari wa Sham wakapiga takbira, na Abdullah bin Umar (R.A.) aliposikia alikumbusha kuwa waliopiga takbira siku ya kuzaliwa kwake walikuwa bora kuliko hawa.

Maiti ilitundikwa upande wa Hajun. Hajjaj akamwita Asmaa aende kwake, akakataa. Akamtishia kwamba ataburutwa kwa nywele, akakataa tena. Hatimaye gavana huyo ambaye Makkah nzima ilimwogopa alifunga safari mwenyewe hadi nyumbani kwa bibi kipofu, akataka kujua anaonaje alivyomfanya mwanawe. Asmaa akamwambia kuwa amemharibia mwanawe dunia yake, naye mwanawe amemharibia yeye akhera yake. Akamkumbusha pia kwamba Mtume alitabiri kutokea katika kabila la Thaqif mwongo mmoja na muuaji mmoja. Mwongo walikwisha kumwona, na muuaji hakumdhani kuwa mwingine isipokuwa yeye Hajjaj. Imam Muslim ameipokea habari hii, na inasimuliwa kwamba Hajjaj aliinuka akaondoka bila kumjibu.

Maiti ikateremshwa, ikazikwa. Siku chache baadaye Bibi Asmaa naye akafariki dunia hapo hapo Makkah, akiwa na umri wa miaka mia moja hivi, meno yake yote yakiwa kinywani na akili yake timamu. Wanahistoria wanasema alikuwa wa mwisho kufa katika wanawake wote waliohama kwenda Madina.