Margaret Trowell, mlezi wa hazina ya Makerere

Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904, alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937. Wakati huo makumbusho ya nchi hiyo yalikuwa kwenye ngome ya Lugard mjini Kampala, na wenyeji waliyaita nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi. Katika miaka ya 1940 mkusanyo ulihamishiwa Makerere, naye akawa mtunzaji wake. Vitu vilivyoogopwa vikawa vielelezo vya ustadi wa wazee kwa wanafunzi. Chini ya malezi yake walichipukia Gregory Maloba wa Kenya na Sam Ntiro wa Tanganyika. Mwaka 1954 makumbusho yalipata jengo lake lenyewe. Trowell alifariki mwaka 1985. Shule ya sanaa ya Makerere ilipewa jina lake.