Monica: Maombi ya Miaka Mingi Katika Nyumba Moja

Soma Luka 18:1–8. Mjane wa mfano huu alimrudia kadhi tena na tena mpaka akapewa haki yake. Mwanamke wa somo la leo hakuwa mjane alipoanza kuomba. Alikuwa na mume, na huyo mume ndiye aliyempigisha magoti.

Monica alizaliwa karibu na mwaka 331 katika nyumba ya Kikristo huko Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Habari zake ziliandikwa na mwanawe, Augustine, katika kitabu cha Maungamo, wala mwana hakuficha udhaifu wa mama. Alipokuwa binti, Monica alitumwa kuchota divai kwenye pipa. Akaonja kidogo, kesho yake akaongeza, mpaka akawa anamaliza kikombe. Siku moja kijakazi aliyegombana naye akamwita mlevi. Neno lile likamchoma, akaacha. Mara nyingine Mungu humponya mtu kwa ulimi wa adui yake.

Aliozwa kwa Patricius, diwani wa mji, mwenye mali kidogo. Patricius hakuwa Mkristo. Alikuwa mkarimu, lakini hasira yake ilikuwa karibu kama moto wa makuti, na hakuwa mwaminifu kwa kitanda cha ndoa. Juu ya hayo, watumishi walimpelekea mama mkwe umbea kuhusu Monica, naye akauamini. Waliopanga nyumba moja Kariakoo wanajua jinsi neno dogo linavyokua likipita uani. Monica hakwenda kujitetea. Aliendelea kumheshimu mama mkwe na kumhudumia, hata yule mama mwenyewe akawageukia wasengenyaji na kumwambia mwanawe awakomeshe.

Kwa mume alifanya vivyo hivyo. Patricius akiwaka, Monica hakumjibu kwa neno wala kwa tendo. Akipoa, ndipo alipomweleza kwa utulivu kwa nini alifanya alilolifanya. Kuhusu wanawake wa nje, hakugombana naye. Alimngojea Mungu, akiamini kwamba mtu akimjua Kristo atajifunza na usafi. Augustine anashuhudia kwamba mama yake alimhubiri Patricius kwa mwenendo wake kuliko kwa maneno. Linganisha na 1 Petro 3:1, 2. Je, ni jambo gani katika mwenendo wa Monica ambalo mume asiyeamini aliweza kuliona kila siku?

Wanawake wenzake, wengine wakiwa na alama za kipigo usoni, walimwuliza imekuwaje yeye hana, ilhali hasira ya mumewe yajulikana mji mzima. Akawaeleza njia yake. Hapa darasa liwe na uangalifu. Katika siku za Monica, mke aliyepigwa hakuwa na mahali pengi pa kukimbilia. Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kumpiga mwenzake, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kanisa nalo limetenga Sabato ya nne ya Agosti kwa ajili ya kukemea ukatili huu. Mtu asilitumie jina la Monica kumrudisha dada kwenye nyumba ya kipigo. Kumwombea mume hakumzuii mke kumweleza mchungaji, wala kwenda polisi.

Jibu lilikawia. Augustine alikuwa amefikia miaka 16 ndipo baba yake akaanza kufundishwa imani. Patricius alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafa karibu na mwaka 371. Hesabu ni rahisi: Monica aliomba zaidi ya miaka 16 kabla ya kuona dalili. Tangu Patricius alipoamini, hakuwa tena na sababu ya kuulilia ukafiri wake.

Lakini machozi yalihamia kwa mwana. Augustine alijiunga na Wamanikea, akaishi na mwanamke bila ndoa. Mwaka 383, huko Carthage, alimdanganya mama yake kwamba anamsindikiza rafiki bandarini. Monica akakesha akiomba katika kanisa lililokuwa karibu, ili mwanawe asisafiri. Asubuhi akafika ufukoni kama mtu afikaye Kivukoni na kuikuta pantoni imeshaondoka. Mwana alikuwa baharini kuelekea Roma. Baadaye alimfuata hata Milan. Huko alifadhaika kuona waumini hawafungi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi ya kwao, mpaka Augustine akaenda kumwulizia Askofu Ambrose. Na hapo Milan, Pasaka ya mwaka 387, Augustine alibatizwa.

Ombi ambalo Mungu alilikataa usiku ule wa Carthage, la kumzuia mwana asisafiri, lingekubaliwa, Augustine asingefika Milan.

Mwaka huo huo, wakiwa Ostia wakingoja meli ya kurudi Afrika, Monica alishikwa na homa. Kwa miaka mingi alikuwa ametamani azikwe kando ya Patricius, na mahali alikuwa ameshapatayarisha kule Thagaste. Mtu aliyemwombea kwa machozi mengi kiasi hicho, alitaka kulala karibu naye. Lakini sasa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike, kwa kuwa hakuna mahali palipo mbali na Mungu, wala Yeye hatashindwa kujua wapi pa kumfufua. Siku ya tisa ya ugonjwa alilala, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Alizikwa Ostia. Mwaka 1945 kipande cha jiwe la kaburi lake, chenye maandishi, kilipatikana huko. Kaburi alilojiandalia Thagaste, kando ya mumewe, halikutumika.