Mwalimu Aliyebaki Tuskegee

Somo: 2 Timotheo 2:2

Leo acha niungame. Mwezi jana nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha darasa langu la Biblia la Alhamisi. Wanafunzi ni sita tu, na wawili kila mara huja wamechelewa. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikapiga hesabu ya saa zangu nikaona hii ni hasara tupu. Kabla sijaipeleka barua kwa mchungaji, nikasoma maisha ya George Washington Carver.

Carver alizaliwa mtumwa huko Missouri, Marekani, karibu mwaka 1864. Akiwa mtoto mchanga alitekwa nyara pamoja na mamake. Yeye alirudishwa, mama hakuonekana tena. Alipokua, chuo kimoja kilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa. Mwaka 1896 alipata shahada ya pili ya kilimo kule Iowa, na tayari alikuwa anafundisha hapo. Mwaka huohuo Booker T. Washington akamwita Tuskegee, Alabama, chuo cha watu weusi kilichokuwa na umri wa miaka 15 tu.

Alipofika, maabara hakuna. Akawatuma wanafunzi waokote chupa na mikebe iliyotupwa, wakajitengenezea vyombo. Mashamba ya eneo hilo yalikuwa yamechoka kwa kupandwa pamba mwaka nenda mwaka rudi. Akafundisha kubadilisha mimea: kunde na karanga zirudishe rutuba, viazi vitamu vilishe familia. Jioni za Jumapili aliwafundisha vijana Biblia, na hakuna aliyelazimishwa kuja.

Mwaka 1906 darasa likawekwa kwenye magurudumu. Gari la kukokotwa na wanyama lilibeba vifaa hadi kwa wakulima maskini wasioweza kufika chuoni. Kijana aliyesomea hapo Tuskegee, Thomas Campbell, akaajiriwa na serikali kwa kazi hiyo. Mwanafunzi sasa ni mwalimu!

Mwaka 1921 Carver alieleza habari za karanga mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na sifa zake zikaenea. Angeweza kuhama. Alibaki Tuskegee zaidi ya miaka 46, mpaka alipofariki Januari 1943. Akiba yake aliitoa ili utafiti uendelee pale pale.

Hapo ndipo hesabu yangu ilianguka. Nilihesabu vichwa vilivyo mbele yangu, nikasahau wale ambao hawa sita watawafundisha kesho.

Barua nimeichana. Alhamisi saa kumi na mbili jioni niko pale, hata akija mmoja. Na wewe mwalimu wa shule ya Jumapili, mwenye watoto wanne na chaki moja, tafadhali usifunge darasa. Mungu akubariki.