Odhiambo, mwana wa Mombasa aliyefungua siri ya wadudu

Mfanyabiashara anayevusha karanga na kunde mto Ruvuma, kati ya Palma na Mtwara, huonyesha hati na kulipa ushuru. Kidukari hubebwa na upepo tu, bila kuulizwa na mtu. Vidukari wenye mabawa wakitua kwenye mmea wenye utomvu mzuri, misuli ya kurukia huyeyuka mwilini na virutubisho vyake huenda kwenye uzazi. Mabawa hubaki, safari imekwisha. Jike huzaa watoto hai bila dume. Vidukari weusi wa kunde ndio wanaoeneza rozeti, ugonjwa wa virusi unaodumaza karanga, uliojulikana Tanganyika tangu 1907.

Nyuma ya mabadiliko ya namna hiyo kuna homoni. Miongoni mwa Waafrika Mashariki wa kwanza kuzichunguza alikuwa Profesa Thomas Odhiambo.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha akawa mtaalamu wa wadudu wa mazao serikalini Uganda. Alikwenda Cambridge, Uingereza, akafundishwa na Vincent Wigglesworth, bingwa wa homoni za wadudu.

Huko alichunguza nzige wa jangwani. Alitoa tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa madume machanga. Madume hayo hayakupevuka wala kutafuta majike, mafuta yakawajaa na wakapunguza mwendo. Homoni ileile iligusa uzazi, mafuta na mwendo kwa pamoja.

Odhiambo hakubaki Ulaya. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani, akidai Afrika Mashariki iwe na kituo chake cha utafiti chenye hadhi ya dunia. Mwaka 1970 kituo hicho, ICIPE, kilianzishwa Nairobi, naye akawa mkurugenzi wa kwanza. Alitaka mkulima mdogo amshinde mdudu kwa kumjua, asitegemee sumu ya dukani pekee. Mwaka 1987 alipata Tuzo ya Afrika ya uongozi dhidi ya njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Alifariki Nairobi mwaka 2003. ICIPE ingali inafanya kazi, na swali lake linamhusu mchuuzi wa Ruvuma: gunia la karanga linalopungua kwenye mizani huenda lilianza kupungua shambani, siku kidukari alipotua.