Köhler na Sokwe wa Tenerife

Wolfgang Köhler alizaliwa tarehe 21 Januari, 1887, mjini Reval, ambao leo huitwa Tallinn, nchini Estonia. Alisomeshwa Ujerumani, na mwaka 1913 alipelekwa katika kisiwa cha Tenerife, milki ya Hispania, kusimamia kituo cha kuchunguza sokwe waliotoka Kameruni. Vita Kuu ilipozuka mwaka uliofuata, alikwama huko hadi 1920.

Siku zile wataalamu wengi, wakimfuata Mmarekani Edward Thorndike, walishikilia kwamba mnyama hujifunza kwa kubahatisha tu. Köhler hakuridhika. Ndizi iliwekwa nje ya kizimba, na sokwe aitwaye Sultan akapewa mianzi miwili, mmoja mwembamba kuliko mwenziwe. Kila mmoja ulikuwa mfupi. Sultan alihangaika zaidi ya saa nzima, akakata tamaa, akaketi kuichezea mianzi ile. Mara akauchomeka ule mwembamba katika tundu la ule mnene, akakimbilia kwenye vyuma vya kizimba, akaivuta ndizi. Köhler hakujivunia kulishuhudia jambo hilo; aliandika wazi kwamba aliyeliona ni mlinzi wa wanyama.

Sokwe wengine walipandanisha makasha ili kulifikia tunda lililoning'inizwa juu, ingawa minara yao ilipepesuka na kuporomoka. Katika kitabu chake cha mwaka 1917, Köhler alieleza kuwa sokwe aweza kuutambua uhusiano wa vitu vilivyo mbele yake, kisha akatenda.

Lakini tukikomea hapo tutakuwa tumemsahau mtu mwenyewe. Mwaka 1933 Wanazi walitwaa madaraka Ujerumani, wakaanza kuwafukuza wasomi Wayahudi. Köhler, ambaye hakuwa Myahudi, alilipinga jambo hilo gazetini mjini Berlin tarehe 28 Aprili. Usiku ule yeye na rafiki zake walipiga muziki nyumbani, wakingoja kukamatwa. Hakuna aliyebisha hodi. Hata hivyo wasaidizi wake waliandamwa, naye mwaka 1935 akajiuzulu na kuhamia Marekani, alikofundisha hadi uzeeni. Alifariki tarehe 11 Juni, 1967.

Askari hufunzwa kuitazama ardhi yote kabla ya kupiga hatua. Köhler alionyesha kwamba hata sokwe, nguvu zikishindwa, hutulia na kutazama upya. Maisha yake yanatukumbusha sisi sote kwamba aliyekwisha kuiona haki kwa macho yake hana udhuru wa kunyamaza.