Rudolf Diesel: Mtu Aliyewasha Mafuta kwa Hewa

Dereva wa kikosi anayepandisha gari la doria kutoka bonde la Nyabugogo hadi Nyarugenge, huku amepakia askari na zana zao, hutamka neno dizeli mara nyingi kwa siku bila kukumbuka kwamba hilo lilikuwa jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi, 1858, na wazazi Wajerumani. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia hiyo ilifukuzwa ikakimbilia London, na kijana huyo wa miaka kumi na miwili akapelekwa Augsburg kwa jamaa. Baadaye aliingia chuo cha ufundi cha Munich, ambako Profesa Carl von Linde alimfunza jinsi injini ya mvuke inavyopoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho. Akiwa anangoja mtihani mwingine, alifanya kazi katika kiwanda cha Sulzer, mjini Winterthur, Uswisi. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, alizaliwa Alfred Büchi, ambaye tutamrudia.

Fikira ya Diesel ilikuwa kwamba hewa ikishindiliwa sana hupata joto la kutosha kuwasha mafuta bila cheche. Alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1893. Katika jaribio la kwanza, tarehe 10 Agosti mwaka huo, kipimo cha mgandamizo kilipasuka na vipande vyake vikaruka. Hata hivyo mafuta yalikuwa yamewaka yenyewe. Ikafuata miaka mitatu na nusu ya kubadili vali, pampu na pistoni, akisaidiwa na mhandisi Imanuel Lauster. Tarehe 17 Februari, 1897, Profesa Moritz Schröter aliipima injini hiyo akaona kuwa asilimia 26 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi.

Wasimuliaji wengi hukomea hapo, nao hukosea. Injini za kwanza zilizouzwa kuanzia mwaka 1898 ziliharibika upesi, wanunuzi wakazirudisha, kampuni ya Diesel ikadidimia, naye mwenyewe akaugua kwa uchovu. Nguvu ilikuwapo, udumu haukuwapo. Udumu uliletwa na mafundi wa Augsburg, waliorekebisha kasoro moja baada ya nyingine kwa miaka mingi.

Mwaka 1905 yule Büchi alipata hati ya kutumia moshi unaotoka injini kuzungusha gurudumu la kusukuma hewa ndani. Ndiyo turbo ya leo. Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita; turbo hurudisha pengo hilo, na injini ndogo ikabeba mzigo wa injini kubwa. Lakini gurudumu hilo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likielea juu ya utando wa oili. Dereva akizima injini papo hapo baada ya mlima mkali, oili hukatika chuma kingali moto, huungua ikawa masizi, na beringi huanza kulika. Kuiacha injini ingurume taratibu kwa dakika moja, kubadili oili kwa wakati, kusafisha chujio la hewa na kujaza rejeta: kwa matunzo hayo injini hizo hufikisha kilometa laki kadhaa. Lawama ya kuwa ni dhaifu, kwa maoni yetu, aghalabu humstahili mshika usukani, au mtunza stoo aliyechelewesha oili.

Diesel hakuwahi kuona turbo katika gari. Akiwa amezongwa na madeni, alipanda meli Dresden jioni ya tarehe 29 Septemba, 1913, kutoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 55. Baada ya chakula alikwenda chumbani. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliopoa maiti, wakatoa vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha mwili baharini. Mwanawe Eugen alipoonyeshwa vitu hivyo, alivitambua kuwa ni vya baba yake.